Muulize Anti Mkunga: Kizazi kimegeukia mgongoni, ntazaa kweli?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua zimenijia nyingi za kizazi kugeuka mpaka nikajiuliza kuna nini huko mjini. Nimechagua nne. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu, vumilieni, chai iwe karibu.

SWALI: Shikamoo anti. Mi nina miaka 28 nakaa Mbagala Rangi Tatu, nimeolewa huu mwaka wa pili sijapata mtoto. Siku zangu toka niko sekondari ni za kulia, kiuno kinakata mpaka mapaja yanakufa ganzi, siku ya kwanza hata dukani siendi. Na kwenye tendo la ndoa kuna mikao naumia kwa ndani kabisa kama kuna kitu kinagongwa. Mwezi uliopita nikaenda kupiga altrasaundi, yule wa kwenye mashine akaniambia tu "kizazi chako kimegeuka" afu akaita jina la anayefuata. Nikabaki kwenye benchi na karatasi mkononi, nimegeuka kuelekea wapi sijui. Kufika nyumbani mama mkwe akasema ndo maana mbegu zinamwagika, akanipeleka kwa bibi mmoja anakanda tumbo kwa mafuta ya nazi anasema anakirudisha, elfu thelathini kila nikienda, nimeenda mara tatu nimetoka na michubuko. Sa hivi kuna dada wa mtandaoni ananiuzia vile vidonge vilivyofungwa kwenye kitambaa vina kikamba, unaingiza ukeni siku tatu, eti vinasafisha kizazi na kukinyoosha, laki na ishirini. Mume wangu hajasema kitu ila siku hizi amekuwa mkimya. Nifanyeje anti? (Mama Bado, Mbagala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo laki na ishirini usiitume. Hata kama umeshaahidi, mwambie simu ilikuwa mbovu.

Sasa kunja ngumi ya mkono wa kushoto uinyooshe juu kama unashangilia Simba au Yanga, sitaki kujua ipi. Kiwiko usikihesabu. Kifundo cha mkono ndo mlango wa kizazi, ngumi ndo kizazi chenyewe, kina urefu wa sentimita 7 na kidogo hivi, kama peasi lililowekwa kichwa chini. Inamisha ngumi mbele, ndo wanawake wengi walivyo, kizazi kimelala juu ya kibofu cha mkojo. Sasa irudishe ngumi nyuma. Hapo ndo ulipo wewe, kizazi kinaangalia mgongoni, kimeegemea upande wa njia ya haja kubwa. Umeona kuna kidole kimepungua? Kwenye karatasi yako lile neno refu la kizungu linaloanza na "retro" wala halisemi ugonjwa, ni Kilatini cha kusema nyuma, na kipande kinachofuata ni kugeuka, basi.

Mwanamke 1 kati ya 5 hivi yuko hivo. Siku nyingine ukipanda daladala ya Mbagala Kariakoo angalia ile siti ya nyuma kabisa wakikaa wanawake watano, mmoja hapo huenda ni mwenzio na ameshusha watoto wake wanne hana habari. Wengine wamezaliwa hivo, wengine baada ya kuzaa zile kano zinazokishikilia kizazi zinalegea kinaangukia nyuma. Na hakijapigiliwa misumari kule ndani, kibofu kikijaa kinasukumwa nyuma, kikiisha kinarudi. Sasa we kumbuka yale maji waliyokunywesha kabla ya kipimo mpaka ukawa unatembea umebana miguu!

Habari ya mbegu kumwagika mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba ule unaotoka ni ute tu, kila mwanamke unamtoka. Mbegu zenye nguvu zinakuwa zimeshaingia kwenye mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na zinaweza kukaa hai humo mpaka siku 5. Kizazi kuangalia nyuma peke yake hakizuii mimba wala hakitoi mimba.

Lakini ngoja. Hapa ndo nakuja na swali ambalo hukuulizwa na lingepaswa kuwa la kwanza: kizazi chako KINATEMBEA au KIMEGANDA?

Maana kugeuka kuko kwa aina mbili. Kuna kizazi kimegeuka ila dokta akikigusa kinacheza, hicho hakina neno. Na kuna kizazi kimegeuka kwa sababu kuna kitu kimekivuta na kukibandika huko nyuma, na hapo shida siyo upande kilikoangalia, shida ni hicho kilichokibandika. Inaweza kuwa makovu ya PID ya zamani, yani yale maambukizi ya kizazi na mirija yasiyotibiwa vizuri, inaweza kuwa makovu ya upasuaji, au inaweza kuwa endometriosisi. Uvimbe wa faibroidi nao unaweza kukisukuma. Dokta anajua kwa kukupima kwa mikono, vidole viwili ndani na mkono mwingine juu ya tumbo, dakika mbili tatu, siyo raha ila siyo mateso, na ukisema simama anasimama.

Na mi barua yako nimeisoma mara mbili nikasimama kwenye maneno "toka niko sekondari". Maumivu ya siku ya kukulaza kitandani toka ukiwa binti, kuumia kwa ndani kwenye tendo, na mwaka wa pili mimba haijaingia, hivi vitatu vikikaa meza moja mtu yeyote aliyekaa wodini anaanza kuwaza endometriosisi. Ni hali ambayo nyama zinazofanana na zile za utando wa ndani ya kizazi zinaota nje ya kizazi, kwenye mifuko ya mayai, nyuma karibu na utumbo, zinavimba na kutoa damu isiyo na pa kutokea, panakuwa na vidonda na makovu, vitu vinashikana. Shirika la Afya Duniani linasema inagusa karibu asilimia 10 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, kama milioni 190, na wengi wanakaa miaka bila kuambiwa wana nini kwa sababu nyumbani wanaambiwa ni chango, utapona ukizaa. Sisemi unayo, siwezi kusema hivo kwa barua. Na altrasaundi ya kawaida ikiwa safi haimaanishi huna, mara nyingi haionyeshi.

Kwa hiyo nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake, hospitali ya rufaa ya mkoa Temeke haiko mbali na kwako, beba hiyo karatasi na uandike kabisa kwenye daftari: siku zinaanza lini, maumivu siku ngapi, mikao gani inauma, ukienda haja kubwa wakati wa siku zako inauma au haiumi (hili wengi wanaona aibu kulisema, liseme). Sema pia kwamba unatafuta mtoto, maana dawa nyingi za kutuliza hiyo hali ni za homoni na zinazuia mimba ukiwa unazitumia. Uliza yale maswali mawili: kinatembea? na kama hakitembei kimeshikwa na nini?

Afu huyo mkimya naye apime. Kwenye karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto mwanaume naye anachangia, na kipimo chake hakina hata sindano, anapumzika tendo siku 2 hadi 7 anatoa mbegu kwenye kikopo, mwisho. Unakandwa tumbo mara tatu mpaka unachubuka na mwenzio hata kikopo hajakiona!

Bibi wa mafuta ya nazi acha kwenda. Kizazi kiko ndani ya nyonga nyuma ya mfupa, huwezi kukishika kwa nje ukakigeuza kama chapati, na kama kuna uvimbe kwenye mfuko wa mayai kule kukandamiza kunaweza kukuletea balaa. Vile vidonge vya kitambaa ndo vinanikera zaidi. Vinaunguza ngozi laini ya ukeni, inabanduka, we unaona vipande vinatoka unafurahi "uchafu unatoka", kumbe ni wewe unatoka. Wale bakteria wazuri wanaolinda uke wanakufa, maambukizi yanapanda juu, PID, makovu. Yani uliingia na kizazi kinachotembea ukatoka na kilichoganda, na umelipia.

Ila tusiwaonee wa mtaani peke yao. Miaka ya 1880 kule Liverpool, Uingereza, daktari mpasuaji anaitwa William Alexander alikuwa anafungua wanawake kwenye kinena anafupisha zile kamba za kizazi ili kirudi mbele, na upasuaji wa namna hiyo ukawa fasheni kwa miaka mingi. Baadae ndo wakakubali kwamba wengi wa wale wanawake hawakuwa na sababu ya kupasuliwa.

Kwa sasa hivi maumivu yanapoanza, usisubiri yafike mapajani, kunywa ibuprofeni ukiwa umekula, ila kama una vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo, au siku zimechelewa na huna uhakika kama una mimba, usinywe mpaka uongee na dokta au mfamasia. Chupa ya maji ya moto ifunge kwenye khanga uweke kiunoni, siyo tumboni tu, maana wenye kizazi cha nyuma maumivu yanapenda kukaa mgongoni. Na chumbani, ule mkao wa yeye kuwa nyuma ndo unagonga moja kwa moja kule, uacheni kwanza. Lalieni ubavu, au wewe uwe juu ndo unapima kina mwenyewe. Mwambie panauma wapi, ukimya wake huenda ni kuogopa kukuumiza, wanaume wengine wako hivo hawana maneno.

SWALI: Dada habari. Mke wangu kila tukikutana analalamika tumbo, dokta kasema kizazi kimeegemea nyuma ila kinacheza vizuri na hana ugonjwa. Sasa kama hana ugonjwa si ananikwepa tu? (Baba wa Tegeta)

JIBU: Hapana kaka. Kizazi kizima kabisa kikigongwa kinauma, kama ambavyo na wewe kuna sehemu yako nzima kabisa ikigongwa unakaa chini. Taratibu, mafuta ya kulainisha ya maji yapo famasi, na soma hapo juu kuhusu mikao. Kingine, mtu akishaumia mara nyingi misuli ya nyonga inajifunza kukaza yenyewe kabla hata hujamgusa, hapo hata ukibadili mkao bado itauma, na inataka muda na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, fizio, anayejua misuli ya nyonga. Kumshutumu kunaikaza zaidi.

SWALI: Habari za kazi dada. Nina miaka 54, nazunguka na ndoo ya samaki Kigamboni. Jioni nasikia kitu kama kigololi kinashuka ukeni, nikilala kinarudi, na nikikohoa mkojo unaponyoka. Ni hiki kizazi kugeuka wanachosema? (Mama wa Feri)

JIBU: Salama mdogo wangu. Hapana, hicho kwa maelezo yako ni KUSHUKA, siyo kugeuka, watu wanachanganya sana na hata bibi wa kukanda anavitibu kwa mafuta yaleyale. Sakafu ya nyonga imelegea kwa uzazi, umri na hiyo ndoo. Nenda upimwe, ikiwa mapema mazoezi yanasaidia: bana kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu mpaka 5 au 10, achia, rudia mara 10, mara tatu kwa siku, na usitegemee jibu kabla ya miezi mitatu. Mazoezi haya yanaitwa Kegel, jina la daktari Mmarekani aliyeyaandikia mwaka 1948. Usiyafanye huku unakojoa kweli. Ikiwa kimeshuka sana kuna kipete cha silikoni kinaitwa pesari kinawekwa ukeni kukishikilia, na kuna upasuaji. Choo kigumu usikubali kikae, kunywa maji, na ndoo igawe mbili hata kama utarudi Feri mara mbili.

SWALI: Anti samahani usiku. Mimba ya wiki 14, kizazi changu niliambiwa kimelala nyuma. Toka asubuhi mkojo haupiti, natoa matone tu na tumbo limejaa linauma. Nisubiri kliniki ya Jumatatu? (Mjamzito, Ukonga)

JIBU: Huyu sikusubiri gazeti litoke, nilimpigia palepale. Kwa kawaida mimba ikikua kizazi cha nyuma kinanyanyuka chenyewe kutoka kwenye nyonga kufikia wiki 12 mpaka 14 na mtu hajui hata kama kilinyanyuka. Mara chache sana kinanasa chini ya ule mfupa wa nyuma huku kinaendelea kukua, kinabana njia ya mkojo. Hiyo ni dharura, siyo UTI ya kununulia vidonge, na siyo ya Jumatatu. Nikamwambia aite bajaji awahi hospitali na mumewe abebe kadi ya kliniki. Huko wakamwekea mpira wa mkojo, kibofu kilipopungua dokta akamweka amepiga magoti kifua chini akakisaidia kizazi kupanda, mtoto moyo unadunda.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita, nikashtuka, nikafungua meseji yake: "Anti nimekojoa mwenyewe."