Mume wangu amefunga Kwaresima, nami mjamzito ninapika sufuria mbili

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mlutheri wa miaka 26. Mwaka jana niliolewa na kijana Mkatoliki, na sasa tunaishi Iringa katika nyumba ya kupanga. Nina ujauzito wa miezi mitano. Mume wangu ameacha nyama kwa siku zote arobaini za Kwaresima na hali chakula cha mchana, jambo ambalo nililijua asubuhi ya Jumatano ya Majivu aliporudi kanisani. Mimi ninaendelea kula kwa sababu ya hali yangu, kwa hiyo kila jioni ninapika sufuria mbili. Ijumaa iliyopita mama yangu alinitumia kuku kwa basi kutoka Njombe. Nilimwomba kijana wa jirani amchinje, nikampika vizuri nikidhani nitamfurahisha mume wangu. Alifunua sufuria, akaifunika, akaenda kulala bila kula wala kusema neno. Mama mkwe alipopata habari alinipigia simu, akaniambia kwamba katika nyumba ya Mkatoliki nyama haipikwi Ijumaa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ulanzi, ile pombe ya mianzi, hajauacha. Je, nimetenda dhambi? Nifunge pamoja naye? Na nipike nini hadi Pasaka?*
*Mama Kijacho, Iringa*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito. Nitaanza na swali la dhambi kwa kuwa ninaona ndilo linalokukosesha usingizi, ingawa kwa maoni yangu ndilo jepesi kuliko yote uliyouliza.

Hukutenda dhambi. Sheria za Kanisa Katoliki zilizotangazwa mwaka 1983 zinamtaka Mkatoliki aliyetimiza miaka 14 aache nyama Jumatano ya Majivu na siku za Ijumaa, na zinamtaka aliyetimiza miaka 18, hadi aanze mwaka wake wa 60, afunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, yaani ale mlo mmoja wa kushiba na, akihitaji, vitu vidogo viwili vya kutuliza njaa. Kanuni ya 11 ya sheria hizohizo inaeleza kwamba amri za namna hii, ambazo zimewekwa na Kanisa lenyewe, zinawahusu waliobatizwa au kupokelewa humo, nawe si mmoja wao. Hata ungekuwa Mkatoliki, mafundisho ya siku zote ni kwamba mjamzito na mama anayenyonyesha hawabanwi na mfungo. Kuhusu sufuria, Papa Paulo VI alipopanga upya utaratibu wa toba mwaka 1966 aliandika kwamba kinachokatazwa siku hizo ni nyama, wala si mayai, maziwa au hata viungo vinavyotokana na mafuta ya mnyama. Kwa hiyo mumeo angeweza kula ugali na mboga za majani zilizopikwa kwenye jiko lilelile lililoivisha kuku, na Ijumaa yake isingepungukiwa na kitu.

Utaona basi kwamba mzigo aliojitwisha ni mkubwa kuliko ule alioamriwa. Kuacha nyama kwa majuma sita mfululizo na kukosa chakula cha mchana kila siku ni nadhiri yake binafsi. Sitaki uidharau nadhiri hiyo, na ninakuomba usimwambie, hata kwa hasira, kwamba kwenu mambo hayo hayapo. Yapo. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo bila shaka uliikariri ukiwa darasa la kipaimara, Martin Luther anasema kwamba kufunga na kuuandaa mwili ni mazoezi mema ya nje kabla ya kuijongea meza ya Bwana. Alichokataa ni kuwalazimisha watu na kuwafanya waamini kwamba wananunua neema kwa njaa yao. Kwa hiyo ninyi wawili hamko mbali kama simu ya mama mkwe ilivyokufanya udhani. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi katika sura ya 14, alikutana na nyumba kama yenu, akasema kwamba yeye alaye asimdharau huyo asiyekula, wala yeye asiyekula asimhukumu huyo alaye. Kila mmoja wenu ana nusu yake katika mstari huo, na ingefaa kila mmoja aishughulikie nusu yake kabla ya kumsomea mwenzake ile nyingine.

Nimeusoma ugomvi wenu nikitafuta mahali ulipoanzia, na sioni kwamba ulianza na kuku. Ulianza asubuhi ya Majivu, mumeo alipokuletea mfungo uliokwisha kuamuliwa. Uamuzi ulikuwa wake, lakini kazi iliyotokana nao ikakuangukia wewe bila mtu kukuuliza. Mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano anainama juu ya jiko la mkaa, anaivisha chakula cha mwenye kufunga, anakipakua, anaongeza mkaa, anaanza upya na chakula chake mwenyewe, kisha anaosha vyombo vya milo miwili usiku. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuchoka, na sishangai kwamba uchovu huo umeanza kugeuka kinyongo dhidi ya imani ya mumeo, ambayo kwa kweli haina kosa hapa. Mtu akiamua kufunga, na aubebe mfungo wake hadi jikoni.

Kuhusu usiku ule wa Ijumaa, nitasema na ninyi wote wawili. Mumeo alikosea. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana Yesu anamwagiza anayefunga ajipake mafuta kichwani na kunawa uso ili watu wasimtambue. Sasa mtu anayefunua sufuria mbele ya mkewe, akaifunika, akapanda kitandani na kugeukia ukutani amefanya nini kama si kununa? Wewe nawe ulijua kuwa ilikuwa Ijumaa. Ninaamini ulimpika kuku kwa upendo, lakini nadhani ndani ya upendo huo kulikuwa na mtihani kidogo, ukitaka kuona atachagua mkono wako au mfungo wake. Kuku aliyefika mzima kutoka Njombe angeweza kufungwa kamba mguuni hadi Jumapili. Tena Jumapili hazihesabiwi katika zile siku arobaini: kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, na ukiondoa Jumapili sita ndipo unapata arobaini kamili. Mweleze mumeo hilo kwa upole, kwa sababu vijana wengi wenye bidii hawalijui, na huenda mkapata siku moja katika juma ya kula chakula kimoja kwa furaha.

Ninakushauri mzungumze Jumapili alasiri, mkiwa mmeshiba na mmepumzika, wala si Ijumaa jioni anapotoka kwenye Njia ya Msalaba akiwa na njaa. Mwambie wazi kwamba hutamzuia kufunga, kwamba wewe hutafunga chakula kwa sababu ya mtoto, na kwamba kuanzia sasa jikoni kutakuwa na sufuria moja. Kisha mpe kazi zinazotajika kwa jina, maana ukimwambia tu "nisaidie" atakuuliza afanye nini, nawe utaona ni afadhali ufanye mwenyewe. Kuwasha mkaa jioni kuwe juu yake. Kuchambua maharage na kuyaloweka usiku kuwe juu yake, na vyombo vya siku za Ijumaa pia. Tena fedha ya chakula cha mchana ambacho hali iwekwe kando mahali mnapopaona wote, na mwisho wa Kwaresima mkubaliane itamfikia nani mwenye shida, kwa kuwa nabii Isaya katika sura ya 58 anauelezea mfungo unaompendeza Mungu kuwa ni kuwagawia wenye njaa chakula chako.

Hapo ndipo ulanzi unapoingia. Sheria ya Kanisa lake haiutaji, na miezi hii mianzi inatoa kweli, kwa hiyo ninaelewa jaribu lake. Lakini ikiwa fedha ya mchana ndiyo inayoishia kilabuni jioni, mfungo huo umemhamisha tu kutoka meza moja kwenda nyingine. Usimshutumu kwa hilo. Muulize swali moja tu, kwamba ile akiba ya mchana imefikia kiasi gani, kisha umwache ajibu.

Sasa chakula, ambacho kwa bahati ndicho sehemu iliyo rahisi kwa mtu anayeishi Iringa. Kwaresima yenu huangukia wakati ambao mashamba yamejaa: kuna mahindi mabichi, maharage mabichi, njegere, mboga za maboga, na maparachichi ya kwenu Njombe. Meza isiyo na nyama mwezi wa Machi huko Nyanda za Juu Kusini haina umaskini wowote. Utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba sufuria kubwa iwe ya wote wawili na isiwe na nyama siku yoyote isipokuwa Jumapili, halafu pembeni, katika kikaango kidogo, kuwe na nyongeza yako wewe: yai leo, dagaa kesho, kipande cha nyama siku nyingine isiyo Ijumaa. Kwa njia hiyo unakula unachohitaji, naye haoni kwamba nyumba imegawanyika.

Mboga za maboga uzichague zikiwa changa, uvute nyuzi kuanzia kwenye shina la kila jani, kisha uzifikiche kidogo mikononi ili ule ukwaruzo wake upungue kabla ya kuzikata nyembamba. Zichemshe kwa maji machache, utie kitunguu na nyanya, halafu karanga zilizosagwa ulizokwisha kuzikoroga katika maji ya uvuguvugu, na ukoroge kwa moto mdogo kwa sababu karanga hushika chini haraka. Ugali na mboga hiyo, pamoja na parachichi, ni mlo ambao hata asiyefunga hawezi kuulalamikia. Siku nyingine pika kande za mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa pamoja na maharage mabichi. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva mapema kuliko zile za mahindi makavu, na mkaa wako utashukuru. Uyoga ununue kwa akina mama wanaoujua tu, wala usijaribu kuuchuma mwenyewe.

Dagaa ni ruhusa kwa mumeo hata Ijumaa, kwa kuwa samaki hawamo katika katazo, nao ni msaada mkubwa kwako kwa sababu unawatafuna pamoja na mifupa yao na kupata madini yanayojenga mifupa ya mtoto. Dagaa wa Mwanza mara nyingi huanikwa juu ya mchanga, kwa hiyo watoe vichwa, wakaange kidogo wakiwa wakavu, kisha uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu na kuyabadilisha mara kadhaa, hadi ukipapasa chini ya bakuli usikute chembe ya mchanga. Ndipo uwaunge kwa kitunguu, nyanya na limau. Limau hilo lisikosekane pia kwenye maharage na mboga za majani, au ule chungwa baada ya mlo, kwa kuwa uchachu wa matunda hayo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula. Subiri angalau saa moja. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki uvimeze kila siku kama ulivyoelekezwa, na ukipata kizunguzungu au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, nenda kliniki bila kungoja tarehe yako ya mahudhurio.

Umeuliza kama ufunge pamoja naye. Chakula usifunge. Ukipenda kushiriki, mfuate kwenye Njia ya Msalaba Ijumaa moja, naye aje nawe katika ibada ya Kwaresima usharikani kwenu, na kila mmoja akae pale kama mgeni mwenye adabu. Unaweza pia kuacha kitu kisichomgusa mtoto, kama vile sukari ya ziada kwenye uji au masaa ya kuperuzi simu usiku.

Kwa mama mkwe, usimpigie wewe. Aliyempa habari za kuku ni mwanawe, na mwanawe ndiye wa kumrudia na kumweleza kwamba mkewe ni mjamzito, kwamba ni Mlutheri, na kwamba mipango ya jikoni wameipanga wawili. Wewe ukimpigia utaonekana unabishana na mkubwa. Akimpigia yeye, mama atajua kwamba mwanawe ana nyumba. Baada ya simu hiyo, ukimsalimia, msalimie kama kawaida, na umwombe akufundishe anavyopika maharage ya Ijumaa, kwa kuwa mama aliyelea watoto Wakatoliki lazima anayo mapishi yake, tena atafurahi kuulizwa.

Ijumaa Kuu mumeo atafunga kwa sheria, na sala za siku hiyo ni ndefu katika makanisa yenu yote mawili. Mwambie tangu usiku wa Alhamisi kwamba utakunywa uji mzito na kula yai kabla ya kutoka, na utabeba chupa ya maji na ndizi kwenye mkoba.