Nani mwenye kauli nyumbani? Maswali yenu kuhusu ndoa katika fasihi ya Kiingereza ya Zama za Kati

Mke wa Bath, yule wa mshairi Chaucer, anajisifu kuwatawala waume watano. Kweli wanawake wa karne ya 14 walikuwa na nguvu hiyo?

Tazama kwanza nguvu yake ilitoka wapi. Alisoun, ndilo jina la mke huyo, aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka 12, na waume zake watatu wa mwanzo walikuwa wazee wenye mali. Kwa sheria ya Uingereza, mali ya mke ilikuwa chini ya mumewe. Mjane ndiye aliyeweza kushika ardhi na kufanya biashara kwa jina lake. Basi kila alipofiwa, alipata nguvu zaidi.

Akaja kumpenda Jankyn, mume wa tano, msomi wa miaka 20, yeye akiwa na 40, akamkabidhi kila kitu. Jankyn akawa anamsomea kitabu cha visa vya wake waovu. Usiku mmoja Alisoun akachana kurasa tatu, akamtandika ngumi ya shavu, kijana akaangukia motoni chali. Alipoinuka alimpiga mkewe kichwani, na tangu hapo sikio moja halisikii. Mwishowe Jankyn alimrudishia mamlaka ya nyumba na ardhi, na kitabu kikachomwa.

Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye kitabu hicho. Alisoun anasema wazi kuwa kama wanawake wangekuwa ndio waandishi, maovu ya wanaume yasingeandikika yakaisha. Ana haki kabisa. Lakini tusisahau kwamba maneno hayo naye ametiliwa mdomoni na mwanamume.

Mwalimu wetu anasema Griselda ndiye mfano wa mke mwema. Mnakubali?

Hapana. Katika kisa kingine cha Chaucer, mumewe, Walter, anamnyang'anya watoto wawili na kumwacha aamini wameuawa, kisha anamrudisha kwao na shimizi tu mwilini, ati anampima utii. Msimulizi mwenyewe anatamka kwamba hataki wake wamwige Griselda. Anachotaka ni watu wavumilie mitihani ya Mungu. Asomaye hadi mwisho atakuta pia wake wakihimizwa wasikubali kufungwa midomo.

Binti aliweza kukataa mchumba, au kujichagulia?

Kwa sheria ya Kanisa, ndiyo. Ridhaa ya wawili ilitosha kuifanya ndoa, hata bila padri wala wazazi. Nyumbani mambo yalikuwa mengine, na barua za familia ya Paston wa Norfolk zinatuonyesha. Mwaka 1449 Elizabeth Paston alikataa kuolewa na Stephen Scrope, mjane wa miaka karibu 50. Jamaa yake mmoja, Elizabeth Clere, aliandika kuwa binti alikuwa akipigwa na mama yake, wakati mwingine mara mbili kwa siku, hadi kichwa kikapasuka mahali pawili au patatu. Scrope hakumpata.

Miaka 20 baadaye mpwa wake, Margery, aliapiana kwa siri na Richard Calle, msimamizi wa mashamba ya familia. Askofu wa Norwich alimtaka arudie maneno waliyoambiana. Akayarudia, akaongeza kwamba kama hayatoshi, atayakaza pale pale kabla ya kuondoka. Ujasiri ulioje! Ndoa ikasimama, ila mama yake akamfungia mlango.

Yupo mwanamke aliyesimulia ndoa yake mwenyewe?

Yupo: Margery Kempe wa mji wa Lynn, aliyeandikiwa kitabu chake na wengine. Nakala yake ilionekana tena mwaka 1934. Alizaa watoto 14, kisha akataka kuishi na mumewe bila tendo la ndoa. Siku moja ya joto mwaka 1413 walikuwa njiani wakitoka York, yeye na chupa ya bia, mume na keki kifuani. Mume akauliza: mtu akija na upanga kunikata kichwa nisipolala nawe, utasemaje? Margery akajibu kwamba kusema kweli, angependelea auawe.

Palepale njiani wakapatana. Mume hatakwenda tena kitandani kwake. Margery atamlipia madeni kabla ya kwenda Yerusalemu, na siku za Ijumaa watakula pamoja, ingawa Margery alikuwa akifunga siku hizo. Hapa msemaji ni mwanamke mwenyewe, na kilichompa nguvu ya kupatana ni fedha. Anayeanza kusoma fasihi hii, namshauri aanze na sura hiyo, ndipo aende kwa Alisoun.