Ubalozi si ofisi ya viza tu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini nchi zitumie mamilioni kujenga ubalozi ilhali ofisi ya kupanga ingetosha kugonga viza. Kwa sababu jengo humfikia mwenyeji kabla ya balozi mwenyewe. Sisi wa Mombasa tunalijua hilo: Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kuta zile zilikuwa onyo kwa kila chombo kinachoingia bandarini.

Ubalozi mzuri hufanya kinyume. Tazama ule wa Marekani mjini New Delhi, uliofunguliwa 1959. Msanifu wake, Edward Durell Stone, aliuzungushia kuta za matundu kwa mfano wa jali za Kihindi, zinazokata jua na kupitisha upepo. Ukiona picha zake utakumbuka roshani za mbao za Mji wa Kale. Mgeni akijenga kwa mtindo wa mwenyeji, hiyo ni heshima, na watu huiona.

Baadaye usalama ukatawala. Bomu la Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 Nairobi, wengi wao Wakenya, na Marekani ikahama katikati ya mji kwenda mtaa wa Gigiri, nyuma ya ukuta. Siwalaumu hata kidogo. Ila London, kwenye ubalozi wao uliofunguliwa 2018, sehemu ya kinga imefichwa katika bwawa na bustani, na mimi naona huo ndio uungwana.

Kenya nayo ikijenga nje, ningependa iweke baraza la mawe mlangoni, wanaosubiri viza wakae kivulini.