Fildi ya samaki wa matumbawe Tanga: niliyoyaona Kigombe

Mdogo wangu uliyeuliza kuhusu fildi ya samaki wa matumbawe, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema uko mwaka wa pili, umepangiwa Kigombe likizo ndefu yote, kuogelea unajua kiasi, na kinachokutia hofu ni orodha ya aina zaidi ya mia za samaki uliyopewa kukariri. Kazi hiyo niliifanya pwani hiyohiyo, wiki 10 kuanzia Julai 2019. Ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo, maana mimi sikupata wa kunieleza.

Majina yatakuingia tu, usiyaogope. Utakaosumbuka nao ni ukubwa wa samaki.

Kazi yenyewe iko hivi. Mnatandaza kamba ya mita 50 juu ya mwamba, mnasubiri dakika kadhaa ili samaki waliotawanyika warudi, kisha unaogelea polepole kuifuata kamba ukihesabu samaki walio ndani ya mita mbili na nusu kila upande. Hiyo ni mita za mraba 250. Kwenye kibao cha plastiki unaandika kwa penseli: aina, idadi, urefu. Urefu huo unaukadiria kwa jicho, na chini ya maji jicho halikuambii kweli. Ukivaa miwani ya kuzamia, kila kitu huonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja. Tasi wa sentimita 21 utaapa kuwa ana 28. Kosa hilo likiingia kwenye hesabu za uzito linazidi kuumuka, kwa sababu uzito wa samaki hupanda takriban kama urefu mara urefu mara urefu. Ukikosea urefu kwa theluthi, uzito unakuwa zaidi ya maradufu. Hapo umeshaandika mwamba uliojaa samaki ambao hawapo.

Wiki yangu ya kwanza yote ilifutwa, na ilistahili kufutwa. Tuligundua kosa dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mchana nilikuwa nakwenda kupima samaki wanaotolewa kwenye mitego ya madema, nikawa nawapanga tasi kwenye ubao wa kupimia: 19, 22, 18, 20. Nahodha mmoja mzee akaniuliza kule chini nawaona wa kiasi gani. Nikamwonyesha kibao changu, kimejaa 28 na 30. Akakitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, tasi wa hivi sijamtoa demani siku nyingi sana." Nilirudi kambini nikamweleza msimamizi wangu, na jioni ileile tukaanza upya.

Dawa yake ni rahisi, na nakuomba uifanye kabla hujahesabu samaki hata mmoja. Kateni bomba la maji la plastiki vipande vya urefu mbalimbali, sentimita 5 hadi 40, kila kimoja kiwe na namba. Vifungeni mawe ili visielee. Mwenzako avipange mchangani chini ya maji, wewe upite juu yake ukikadiria na kuandika, kisha mlinganishe. Sisi tulifanya hivyo kila asubuhi kwa siku sita mpaka makosa yetu yakashuka chini ya sentimita mbili, na baada ya hapo tukawa tunarudia kila Jumatatu, kwa sababu jicho husahau.

Sasa majina. Kitabu kisome, lakini shinda dikoni. Kule samaki umemshika mkononi, na aliye karibu nawe amemjua tangu utotoni. Samaki aitwaye kangaja nilifundishwa na mama mmoja mkaangaji. Alimshika kichwa, akamgeuza ubavu, akanionyesha pale mkia unapoanzia: kuna kijembe kidogo kimelala ndani ya ufa wake, kama kisu ndani ya ala. Akakiinua kwa ncha ya kisu chake. Kinakata kweli, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya ushahidi. Tangu siku hiyo sikuwahi kumchanganya kangaja na samaki mwingine, hata akipita mbali na maji yakiwa machafu.

Pono ndio walionitesa zaidi. Kibaoni nilikuwa na mistari miwili, mmoja wa pono wa rangi ya hudhurungi na mwingine wa pono wa kijani na buluu anayeng'aa. Nahodha yule yule aliniambia hao ni samaki mmoja, "huyu amekua tu". Msimamizi akanithibitishia: pono wengi huanza maisha wakiwa majike wa rangi hafifu, baadaye baadhi yao hugeuka madume na kubadilika rangi kabisa. Kitabuni nilikuwa nimelisoma jambo hilo, lakini sikulihusisha na samaki niliokuwa nawaandika kila siku.

Kuhusu kukubalika kijijini, usianzie baharini. Mtu anayezunguka na makaratasi akihesabu samaki wa watu anadhaniwa ni wa leseni au wa hifadhi. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, pita kwa BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wao), toa shikamoo kwa kila anayestahili, eleza umetumwa na nani na matokeo yatakwenda wapi. Ukitaka kumpasua samaki uangalie mayai, mnunue kwanza kwa bei ya dikoni. Vibali mhakikishe mnavyo kabla ya safari, maana sehemu kubwa ya mwambao huo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009. Na silikanti mwenyewe, yule samaki adimu wa kale, usimtarajie: mchana hukaa mapangoni zaidi ya mita 100 chini, na waliopatikana Tanga walinaswa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kilindini.

Julai na Agosti ni msimu wa upepo wa kusi. Ondokeni alfajiri, saa nne upepo ukishapanda maji yanavurugika, huoni mbali na kamba haitulii. Ratiba ipangeni kwa kufuata mwezi wa angani. Maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, ndiyo ya kuhesabu, maana mkondo ni mdogo. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kaeni dikoni na kwa wanaotembea mwambani kutafuta pweza. Vaa viatu vya soli ngumu, na fulana ya mikono mirefu kwa ajili ya jua la mgongoni.

Kuna jambo moja nataka ulishike hata ukisahau mengine yote. Miamba ya Tanga ilipigwa baruti na wavuvi haramu miaka mingi. Kuanzia kama 2016 milipuko ilipungua sana, lakini makovu yapo. Katika mwamba mmoja kamba yetu ilipita juu ya shimo kama bakuli, pana kuliko ngalawa. Ndani yake hakuna tumbawe lililosimama. Ni vifusi vya matawi yaliyovunjika, urefu wa kidole kimoja kimoja, vimevaa utando wa mwani, na kila wimbi likipita vinabingirika vyote pamoja. Ukinyamaza unavisikia vikigongana. Tumbawe changa haliwezi kushika mahali ambapo sakafu inatembea, na ndiyo maana shimo lile lilikuwa bado shimo. Hatua chache pembeni, kwenye matumbawe hai, vitatange wawili walikuwa wakidonoa kama kawaida yao. Ndani ya shimo: kitatange sifuri, changu sifuri, chewa sifuri.

Mwenzangu akaashiria tuihamishe kamba kidogo, tusipoteze pumzi kwa kibao kitupu. Alikuwa amechoka, na mimi pia. Tuliiacha pale ilipoangukia, tukaandika sifuri zote. Vishawishi vya namna hiyo utavipata, hasa wiki za mwisho. Usihamishe kamba. Tangu miaka ya 1990 vijiji vya Tanga vimekuwa vikikubaliana na serikali kufunga baadhi ya miamba ili samaki wazaliane, na makubaliano kama hayo hupimwa kwa hesabu za aina hii. Mzee anayeambiwa asitege dema lake pale alipotega baba yake ana haki ya namba za kweli, zikiwa nzuri au mbaya. Mimi kila nikikadiria urefu wa samaki nilikuwa namfikiria yule nahodha akikitazama kibao changu.

Mwisho wa fildi tuliwasomea wavuvi matokeo pale pale dikoni, kwa Kiswahili, kabla ya kuandika ripoti ya chuo. Waliuliza maswali magumu kuliko niliyoulizwa chuoni, hasa kwa nini hatukuhesabu usiku wakati baadhi ya samaki hutoka usiku. Sikuwa na jibu zuri, nikaliandika swali lao kwenye ripoti. Mwombe msimamizi wako mfanye hivyo.

Daftari langu la majina bado ninalo, jina la Kigombe upande mmoja na la kisayansi upande wa pili, kama samaki 70 hivi. Wikendi hii nitalipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikuwekee hapa. Ukifika, wasomee wenyeji, na palipokosewa parekebishe.