Garanti, hati na tofali: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Nimepata nyumba ya vyumba viwili hapa Komune ya Kenya, mjini Lubumbashi, dola 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba anadai garanti (amana ya kodi) ya miezi 6, na komisionere (dalali) anataka mwezi 1 juu yake. Nasikia Serikali ilikwisha kuweka kikomo. Ni kweli? (Mama mpangaji, Kenya)

Ni kweli, mama. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Kwako ni dola 300. Hizo 300 nyingine mwenye nyumba hana haki ya kuzidai.

Tatizo ni kwamba pesa hupita mkono kwa mkono, bila maandishi. Siku ya kuhama utaambiwa garanti imekwisha kwa rangi na kufuli, nawe huna cha kuonyesha. Kwa hiyo dai mkataba wa maandishi na upelekwe kwenye huduma ya makazi ya komune ukagongwe muhuri. Kiasi cha garanti kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Siku ya kuingia, zungukeni nyumba pamoja na kuorodhesha vioo, kufuli, choo, namba inayosomeka kwenye mita, na deni lolote la SNEL (umeme) au REGIDESO (maji). Deni la mpangaji aliyetangulia ndilo linaloleta ugomvi mkubwa kuliko yote. Sainini wote wawili.

Ukitaka kuhama, au yeye akitaka uhame, taarifa ni ya miezi 3. Na msikubaliane kwa mdomo tu kwamba "utakula garanti" miezi ya mwisho, yaani ukae bila kulipa kodi mpaka garanti iishe. Kubaliano hilo nalo liandikwe. Mkigombana, huduma ya makazi ndiyo inayopatanisha kwanza, kabla ya mahakama.

Twajua mwenye nyumba anaweza kukuambia uende zako, kwa sababu nyuma yako yupo mwingine mwenye dola 600 mkononi. Nyumba zikiwa chache, mpangaji hana nguvu ya kudai haki yake, hata kama sheria iko upande wake.

Nataka kununua lupango (kiwanja) la mita 15 kwa 20 katika Komune ya Annexe. Muuzaji ana fishi (karatasi) ya lupango kutoka ofisi ya kartie (mtaa) na barua ya chifu. Zinatosha? (Baba wa familia, Katuba)

Hazitoshi, na tunakusihi usitoe hata dola moja kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia: ya kudumu kwa Mkongomani, au ya kawaida, isiyozidi miaka 25 na inayoweza kuongezwa. Haki hiyo huthibitishwa na sertifika ya kuandikishwa (hati rasmi ya ardhi) peke yake, inayotolewa na konservateri wa hati, yaani afisa wa Serikali anayetunza vitabu vya ardhi. Fishi ya kartie inaonyesha nani anakaa pale, basi. Barua ya chifu inaonyesha kwamba chifu hakukataa. Ndiyo maana shamba moja pembezoni mwa mji huuzwa kwa watu watatu, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri, na hakuna muhuri hata mmoja ulio wa uongo.

Kama muuzaji ana sertifika, nakili namba ya volumu (kitabu), ya folio (ukurasa) na ya lupango kwenye kadasta (upimaji wa ardhi). Nenda na namba hizo kwenye ofisi ya ardhi inayohusika na eneo hilo (Lubumbashi ina zaidi ya moja, na kwenda isiyo yake ni kupoteza siku). Uliza mambo matatu: jina lililo kwenye kitabu ni la huyu anayeuza? Kuna rehani? Kuna kesi? Kisha mlipe mpimaji wa kadasta aje alinganishe alama za mipaka na mchoro. Kuna watu walionunua namba sahihi wakaonyeshwa uwanja wa jirani.

Kama muuzaji ameoa, mke wake naye akubali kwa saini. Sheria ya Familia inataka hivyo kwa mali isiyohamishika ya ndoa. Kama ni urithi, warithi wote wasaini. Mdogo aliye Kolwezi au Zambia asiyeulizwa ndiye atakayekushitaki miaka mitano baadaye.

Muuzaji akiwa na mkataba wa upangaji wa Serikali tu, jua kwamba huo ni wa muda usiozidi miaka 3, apate kujenga. Asipojenga, Serikali yaweza kulichukua lupango. Akiwa na fishi peke yake, masharti yawe haya: hati ianze kutafutwa kwa gharama mliyokubaliana, na pesa ilipwe kwa mafungu, fungu kubwa siku sertifika inapotoka kwa jina lako.

Zamani Serikali ilijenga nyumba nyingi Ruashi. Kwa nini leo isijenge tu? (Kijana mwalimu, Kampemba)

Nyumba zile zilijengwa na Office des Cités Africaines, shirika la makazi la wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, lililoundwa mwaka 1952. Shirika hilo lilikuwa na fedha za umma na mikopo ya muda mrefu. Leo kinachokosekana zaidi ni hiyo mikopo mirefu. Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ya dola 20,000 kwa riba ya asilimia 15 ikilipwa miaka 5 inadai dola 476 kila mwezi. Kwa riba ileile, miaka 20, ni 263. Riba ikishuka hadi 8 kwa miaka 20, ni 167. Nyumba ni ileile. Mwalimu anaikosa au anaipata kwa sababu ya muda na riba.

Na benki haiwezi kuweka rehani juu ya fishi ya kartie. Inadai sertifika. Kwa maoni yetu, Serikali ingesaidia watu wengi zaidi kwa kupima malupango, kupasua barabara, kuvuta bomba na kutoa hati kwa bei inayojulikana, kuliko kujenga nyumba chache za maonyesho. Familia za Lubumbashi hujenga zenyewe, chumba baada ya chumba, zikihakikishiwa kwamba hazitabomolewa.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinakula bloki ngapi? (Msomaji, Ruashi)

Kwa bloki za sentimita 40 kwa 20, mita moja ya mraba ni bloki 12.5. Kuta nne zenye kimo cha mita 2.8 ni mita za mraba 39.2. Ondoa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.2 kwa 1.2: zinabaki karibu 35.9, yaani bloki 448. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika, nunua 470. Msingi haumo humo.