Kwa Nini Muzan Anatokea Akiwa Amebeba Mtoto?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tumeanza kutazama anime, yaani katuni ya Kijapani, ya Kimetsu no Yaiba, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Demon Slayer. Hadi kufika sehemu ya 7 tulikwisha kuona mazimwi ya kila namna, lenye mikono chungu nzima na jingine linaloibuka kutoka ardhini, na hakuna hata moja lililotunyima usingizi. Lakini alipotokea Muzan Kibutsuji katika mitaa ya Asakusa jijini Tokyo, amevaa suti na kumpakata mtoto, tulijikuta tumenyamaza wote wawili. Hana pembe, hapigani, na anazungumza kwa adabu. Ni nini hasa kinachotisha pale? Na je, yale mauaji ya kichochoroni katika sehemu ya 8 yalikuwa na ulazima, au yaliwekwa ili kututia hofu tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, niwaeleze kwanza kwa kifupi wale ambao hawajaitazama. Hadithi hii iliandikwa na kuchorwa na Koyoharu Gotouge, ikachapishwa katika jarida la Weekly Shōnen Jump kuanzia mwaka 2016 hadi 2020. Anime yake, iliyotengenezwa na studio ya ufotable na kuongozwa na Haruo Sotozaki, ilianza kurushwa Aprili 2019, na msimu wake wa kwanza una sehemu 26. Tupo Japani katika enzi ya Taishō, yaani kati ya mwaka 1912 na 1926. Tanjiro Kamado, kijana muuza mkaa anayeishi mlimani, anarudi nyumbani asubuhi moja na kukuta mama yake na wadogo zake wameuawa. Aliyesalia ni Nezuko peke yake, naye amegeuzwa kuwa zimwi. Tanjiro anajifunza kazi ya kuyaua mazimwi ili apate njia ya kumrudishia dada yake ubinadamu wake, na mwalimu wake anamweleza kwamba mwenye damu iwezayo kumgeuza mtu kuwa zimwi ni mmoja tu, Muzan Kibutsuji.

Kwa hiyo jina tunalipata mapema kuliko sura. Hata zimwi la kinamasi, ambalo dakika chache kabla lilikuwa likijigamba kwa wasichana liliowala, linapobanwa na Tanjiro litaje habari za Muzan linaanza kutetemeka mwili mzima na kusema kwamba haliwezi kusema. Linakubali kufa kuliko kufungua mdomo. Mtazamaji anapofika Asakusa amekwisha kuelewa kwamba yupo mtu ambaye hata walao watu wanamwogopa, na bila shaka amekwisha kumchorea sura kichwani mwake: jitu kubwa, lililojificha katika pango au ngome mbali na watu.

Hapo ndipo waandaaji wanapotubadilishia mambo. Tanjiro, mtoto wa milimani, amezidiwa na taa za umeme na msongamano wa mji, amekimbilia pembeni kwenye mkokoteni wa muuza tambi za udon, na Nezuko anasinzia kando yake. Hakuna muziki wa kutuandaa kwa vita. Bakuli liko mkononi. Ghafla pua yake, ambayo tangu mwanzo tumeambiwa ina uwezo usio wa kawaida, inanasa harufu ileile iliyobaki nyumbani kwao siku ile ya mauaji. Bakuli linadondoka. Anapenya katikati ya watu, anamshika bega mtu mwenye kofia nyeupe, mkono mwingine uko kwenye upanga. Mtu huyo anapogeuka, amembeba binti mdogo anayemwita baba, na punde mke wake naye anafika kuuliza kuna nini.

Ninaamini jibu la swali lako limo katika picha hiyo moja. Kitu ambacho Muzan amekishika mikononi ni kitu kilekile alichomnyang'anya Tanjiro. Aliyeimaliza familia ya watu anatembea jioni na familia, anaamkiana na watu, anamtuliza mtoto, na hakuna mpita njia hata mmoja anayeshtuka. Hadithi zetu za mazimwi nazo zinalijua zimwi lijigeuzalo kijana mtanashati likaja kuposa, lakini humo huwa tunangoja siku litakapojifichua na kijiji kikapata nafuu. Muzan hana dalili ya kujifichua. Isitoshe, mke na mtoto yule hawajui lolote, hivyo upanga wa Tanjiro unakwama alani. Hawezi kumshambulia bila kuwaumiza watu wasio na hatia, na hawezi kueleza anachokijua bila kuonekana mwendawazimu. Sauti ya Toshihiko Seki, aliyeigiza mhusika huyo, inaongeza uzito: ni ya chini, ya upole, ya mtu aliyezoea kuheshimiwa.

Kisha unakuja mkwaruzo. Naomba msomaji airudie sekunde hiyo na kuiangalia kwa makini. Wakati midomo ya Muzan inazungumza na mkewe, mkono wake unanyooka nyuma na kucha yake inamgusa shingoni mwanamume anayepita na mke wake. Hamtazami. Hamjui, hana kisa naye, na pengine baada ya dakika moja amekwisha kumsahau. Mwanamume yule anaanguka, anageuka zimwi palepale barabarani, na kumng'ata mke wake begani. Mazimwi yaliyotangulia yaliua kwa njaa au kwa kinyongo, na yote mawili ni mambo ambayo binadamu anaweza kuyaelewa. Muzan anaharibu maisha ya watu wawili ili apate nafasi ya kuondoka tu.

Ukisema kwamba hapigani umesema kweli, na mimi naona hilo ndilo linalomfanya Tanjiro aonekane kwa ukamilifu. Amemtafuta mtu huyu kwa zaidi ya miaka miwili ya mazoezi na majeraha, sasa yuko umbali wa mkono. Anamwacha. Anamrukia yule mwanamume aliyegeuzwa, anamkandamiza chini kwa mwili wake ili asimwue mtu yeyote, na polisi wanapojaribu kumwondoa anawasihi wamwache kwa sababu hataki mtu yule amuue yeyote. Muzan akiwa anatokomea katika umati, Tanjiro anabaki na sauti yake tu, anampigia kelele kwamba hatamwacha atoroke popote aendako na kwamba hatamsamehe kamwe. Binafsi sehemu hiyo hunigusa kuliko mapambano mengi ya baadaye, maana ghadhabu yote imo, na bado mikono haijamwachia mtu wa watu. Tamayo, tabibu ambaye mwenyewe ni zimwi lililojinasua katika mamlaka ya Muzan, anajitokeza kumsaidia kwa sababu amemwona kijana huyu akimhesabu mgonjwa yule kuwa bado ni binadamu. Kwa hiyo tukio lililomleta adui ndilo lililomletea Tanjiro rafiki wa kwanza mwenye elimu ya kumponya Nezuko.

Sasa kichochoro. Muzan amekwisha kuiingiza familia yake ya bandia katika motokaa na kuiaga kwa upole, akaingia njia ya giza, na hapo anakumbana na walevi watatu, wanaume wawili na mwanamke. Mmoja anamkejeli kwamba uso wake umepauka kama wa mtu anayekaribia kufa. Muzan anawaua wote, na mwanamke anamchoma kidole kwenye paji la uso na kummiminia damu nyingi kuliko mwili wa binadamu unavyoweza kustahimili, huku akimuuliza kama kweli anaonekana mgonjwa, kama kweli anaonekana mtu wa kufa. Ambaye hataki kujua ya mbele airuke sentensi inayofuata. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa Kijiji cha Wahunzi wa Panga, uliorushwa mwaka 2023, tunaonyeshwa kwamba zaidi ya miaka elfu moja nyuma, katika enzi ya Heian, Muzan alikuwa kijana mgonjwa aliyekaribia kufa, akamuua tabibu aliyekuwa akimtibu kwa kudhani dawa yake haifai, na akagundua baadaye kwamba dawa ilifanya kazi, ila ilimwacha asiyeweza kukanyaga juani.

Ndiyo maana ninasema mauaji yale yana ulazima. Mlevi amegusa kidonda bila kujua. Mara tu baada ya hapo Muzan anawaita mazimwi wawili na kuwaagiza wamletee kichwa cha kijana aliyevaa hereni zenye michoro ya karata za hanafuda, kwa sababu hereni hizo zimemkumbusha mpiganaji fulani wa zamani. Angalia mpangilio huo: barabarani tulimwona asiyetikisika, na baada ya dakika chache tunamjua kuwa mtu anayeogopa mambo mawili, kifo na hereni. Laiti sehemu ya 8 ingeishia kwenye utulivu wake, tungebaki na adui wa kupendeza macho. Kichochoro kinatupa mtu mwenye hofu, na mwenye nguvu akiwa na hofu ni hatari zaidi kwa kila aliye karibu naye. Lawama yangu ni moja tu, nayo ni kwamba kifo cha mwanamke yule kimeonyeshwa kwa urefu ambao haukuhitajika.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwanangu ana miaka minane na wenzake shuleni wanaizungumzia anime hiyohiyo. Je, nimruhusu?
Mzazi, Tanga

JIBU: Marahaba, mzazi mwenzangu. Kwa umri huo ningemzuia. Kuchorwa kwake kusikufanye uidhanie kuwa ya watoto wadogo. Huko Japani kwenyewe msimu wa kwanza ulirushwa saa za usiku, na damu inaonekana tangu sehemu ya 1, ambamo watoto wa rika la mwanao wanaonekana wameuawa ndani ya nyumba yao. Akifika sekondari, kaa naye mtazame pamoja tangu mwanzo. Mkifika sehemu ya 8 itazame kwanza wewe peke yako, kisha uamue kama tukio la kichochoroni litamfaa.