Maswali ya Wasomaji: Sentensi Iliyorudishwa Mara Tatu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika chama cha ushirika cha wakulima, na mara mojamoja hutakiwa kuandika barua za Kiingereza. Mwezi uliopita katibu wetu alinirudishia barua mara tatu kwa ajili ya sentensi hii: "Although me and the chairman we will can attend, but we must to leave early." Nilikusudia kusema kwamba ingawa mimi na mwenyekiti tutaweza kuhudhuria, ni lazima tuondoke mapema. Kila mara alipiga mstari mwekundu bila maelezo. Nimetafuta kila neno katika kamusi na sioni kosa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kamusi haikukudanganya, kwa kuwa maneno yote uliyoyatumia ni ya Kiingereza halali. Kilichoharibika ni namna yalivyounganishwa, na namna hiyo umeitoa katika Kiswahili fasaha kabisa, kwa hiyo usione haya.

Litazame neno "tutaweza". Ndani yake mna kiima, ambacho ni *tu-*, mna wakati ujao, ambao ni *-ta-*, na mna uwezo, ambao ni *-weza*. Ukisema "tutakapoweza", hata kiunganishi umekwisha kukiingiza humo humo kwa ile *-po-*. Kiingereza hakiwezi kufunga mzigo wote huo katika neno moja. Kitasema "when we can": kiunganishi peke yake, kiwakilishi peke yake, kitenzi kisaidizi peke yake. Kwa kuwa kila kazi imepewa neno lake, kazi ikishafanywa mara moja hairudiwi, na baadhi ya makosa yako yametokana na kurudia.

Tuanze na "although" na "but". Sisi huzoea kuanza na "ingawa" na kufika katikati tukaweka "lakini", na msikilizaji haoni ziada yoyote. Kiingereza hutaka kimoja tu. Ukianza na "although", kishazi cha pili kinasimama bila "but". Ukipenda "but", basi ondoa "although". Ndivyo ilivyo pia kwa "because" na "so", ambavyo wengi wetu huvipanga pamoja kwa kufuata mtindo wa "kwa sababu" na "ndiyo maana".

Halafu kuna "we" ya kwanza. Katika "mimi na mwenyekiti tutaweza", ile *tu-* haiondoki, maana bila hiyo hakuna kitenzi. Uliiona, ukaitafsiri kuwa "we", na papo hapo sentensi ikawa na viima viwili kwa kitenzi kimoja. "Mimi na mwenyekiti" ndiyo kiima tayari, nacho kinatosha.

Kuhusu "me", kosa ni la namna nyingine. "Mimi" yetu haibadiliki, iwe inatenda au inatendwa, lakini viwakilishi kadhaa vya Kiingereza hubadilika: "I" huwa "me", "he" huwa "him", "she" huwa "her", "we" huwa "us", "they" huwa "them". Kiunganishi "and" hakibadilishi kazi ya kiwakilishi kinachokifuata au kukitangulia. Ukipata mashaka, mwondoe mwenzako kwenye sentensi kwa muda. Huwezi kuandika "me will attend", basi hata mwenyekiti akiwapo ni "I". Kwa kipimo hicho hicho utaona kwamba "between you and I" haikubaliki katika maandishi rasmi, kwa sababu baada ya "between" hutakiwa "me". Ni kweli kwamba wenye lugha yao husema "me and my brother can go" kila siku majumbani mwao. Katika barua ya ofisi, hata hivyo, iepuke. Tena, adabu ya Kiingereza ni kujitaja mwisho, kwa hiyo ni "the chairman and I", ingawa sisi huanza na "mimi" bila kumkosea mtu.

Sasa tufike kwenye "will can" na "must to", mahali ambapo ningependa tukae kidogo. Vitenzi visaidizi vya kundi hili ni "can", "could", "may", "might", "must", "shall", "should", "will" na "would". Havichukui *-s*, havifuatwi na "to", na viwili haviwezi kufuatana moja kwa moja. Kwa hiyo "tutaweza" ni "will be able to", na "ni lazima tuondoke" ni "must leave". Historia yake inapendeza. "Can" ilitokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kujua, sawasawa na sisi tunaposema "mtoto huyu anajua kuogelea" tukimaanisha kwamba anaweza. "Will" ilikuwa kutaka, na *-ta-* yetu ya wakati ujao nayo ilizaliwa na "taka", ambayo bado inaonekana waziwazi katika "atakapokuja".

Viwili haviwezi kufuatana, nimesema, lakini kiunganishi kikikaa kati yao vinaweza. "You can and should apply" ni sentensi safi: kiwakilishi kimoja, visaidizi viwili, kitenzi kikuu kimoja. Sisi hatuna budi kurudia nafsi: "unaweza kuomba, na inafaa uombe". Vivyo hivyo, "she can read and write" hutumia "can" moja kwa vitenzi viwili. Uhuru huu ni wa "and", "or" na "but". Baada ya "because", "if" au "although", pamoja na visaidizi hivi, kiwakilishi lazima kitajwe upya: "I must leave because I cannot wait."

Sentensi yako basi ni: "Although the chairman and I will be able to attend, we must leave early." Angalia kwamba "we" ya pili imebaki, kwa kuwa kishazi cha pili kinahitaji kiima chake.

SWALI: Niliandika "If I will get the fare, I will come" nikasahihishwa. Je, safari si jambo la wakati ujao?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Ni la wakati ujao, lakini safari hii Kiswahili chenyewe kingekuokoa. Husemi "nikitapata nauli". Unasema "nikipata nauli, nitakuja", na *-ta-* inakaa upande mmoja tu. Kiingereza nacho hufanya hivyo: "If I get the fare, I will come." Mtego uko kwenye "when", kwa kuwa "nitakapopata" yetu ina wakati ujao ndani yake, nasi hushawishika kuandika "when I will get". Andika "when I get".

Jihadhari zaidi na *-nge-*, ambayo sisi huiweka pande zote mbili: "ningekuwa na nauli, ningekuja." Kiingereza sanifu huweka "would" upande wa matokeo peke yake: "If I had the fare, I would come." Utakutana pia na "If you will wait here, I will call the doctor", nayo ni sahihi, maana "will" ya kwanza hapo ni ile ya zamani ya kutaka: ukikubali kusubiri.

SWALI: Nilimwalika mgeni wa kigeni nikamwandikia: "You and your wife must not bring food." Nilitaka kumwambia kwamba si lazima waje na chakula. Amenijibu kwa ufupi mno, nahisi ameudhika.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Umemkataza, dada yangu, badala ya kumpunguzia mzigo. "Must" ni lazima, lakini "must not" si "si lazima", ni marufuku. "Si lazima" ni "don't have to" au "need not". Maneno "you and your wife" umeyapanga vizuri, yaache yalivyo. Siku utakapohitaji kukataza mambo mawili, pale tunaposema "wala" wao huweka "or": "You must not smoke or cook in the room." Kwa leo mwandikie hivi: "I am sorry. I meant that you and your wife don't have to bring food, but you can if you wish."